Ijumaa Niliyoikataa Pini ya Shangazi

Kuna sauti moja ambayo haisikiwi na mtu yeyote ila mwenye sikio lake, nayo ni sauti ya pini ya nywele ikikwaruza ndani. Krr, krr, krr, kama kaa aliyetumbukia kwenye debe anatafuta pa kutokea. Niliisikia kila Ijumaa ya utoto wangu, kijijini kwetu Majoreni, baada ya wanaume kurudi msikitini na sahani za wali kuoshwa. Shangazi yangu, Bi Mejumaa, alitandika mkeka barazani, akakaa akanyoosha miguu, akaegemea ukuta, kisha akapiga paja lake mara mbili kwa kiganja. Hiyo ndiyo ilikuwa amri. Nilivua mtandio nikalaza kichwa pale, shavu likazama kwenye leso yake iliyonukia udi na moshi wa vifuu, naye akachomoa pini kichwani mwake, ile nyeusi iliyokunjwa katikati, akaifuta kwa pindo la leso na kuanza kazi. Sitasema uongo: palikuwa patamu pale. Mkono wake mmoja ulinishika kidevu, mwingine ukazunguka polepole sikioni, na mara nyingi nilipitiwa na usingizi kabla hajageuza upande wa pili. Ndiyo maana ilinichukua muda mrefu kujua kwamba pale pale nilipokuwa nikibembelezwa ndipo nilipokuwa nikiharibiwa.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba, mjane asiye na mtoto, na ndiye aliyenilea tangu mama alipoachika akaenda kuolewa Tanga. Baba alikuwa dobi katika hoteli moja ya Diani, akija nyumbani kila baada ya majuma mawili. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya shangazi, sheria zilikuwa za shangazi, na masikio yangu, kama vitu vingine vyote mle ndani, yalikuwa ya shangazi. Kijijini alisifika kwa mambo mawili: kusuka ukili wa mikeka na kuchokoa masikio. Alikuwa na mkono mwepesi, walisema. Idi ikikaribia, akina mama walimletea watoto wao wakapanga foleni barazani. Mwari alipokaribia kutolewa ndani, aliitwa Bi Mejumaa amsafishe masikio kabla hajapakwa hina. Kila alichokitoa alikipaka kwenye kitambaa cheupe na kukinyanyua watu wakione. "Lo! Tazameni hiki!" walishangilia, na mtoto mwenye nta kubwa aliondoka pale akiringa kama aliyeshinda mbio. Kwetu sikio lenye nta lilikuwa aibu ya nyumba nzima. Afadhali mtoto aonekane na nguo yenye kiraka kuliko aonekane na taka sikioni, maana kiraka ni umaskini tu, lakini taka ni kukosa mlezi. Na mimi, niliyekosa mama, nilisafishwa kuliko watoto wote wa Majoreni, ili asipatikane mtu wa kusema neno.

Mwaka niliokuwa darasa la tano, siku ya kuoga mwaka ilipofika, tulikwenda baharini alfajiri, wanawake na watoto, kama desturi inavyotaka, tukajitosa na nguo zetu ili nuksi za mwaka uliopita zibaki majini. Shangazi alisimama maji ya magoti akinihesabia mbizi: moja, mbili, mpaka saba. Nilipoibuka mara ya saba, sikio la kulia lilikuwa limeziba. Nilirukaruka kwa mguu mmoja, nikatikisa kichwa, nikapiga miayo, wapi! Nilidhani ni maji tu, yatatoka. Hayakutoka. Siku ya tatu la kushoto nalo likafuata. Sauti yangu mwenyewe ilivuma kichwani kama niko ndani ya mtungi, lakini sauti za watu zilikwenda mbali, kama wanaozungumza chumba cha pili na mlango umefungwa. Nilimwambia shangazi. Akaniambia nilale, nimepatwa na upepo wa baharini. Ijumaa ilipofika alinichokoa kwa bidii zaidi kuliko siku zote, na nilipoinuka pajani nilikuwa sisikii hata jogoo.

Mtoto asiyesikia ni shida popote, lakini kwetu ni shida maradufu. Mtoto wa kike akiitwa huitika "bee", papo hapo, tena kwa adabu. Asiyeitika haambiwi hasikii, huambiwa ana kiburi. Nilikuwa nikiitwa mara tatu, nne, nimeinamia kazi yangu kimya, na nikija kushtuka ni kofi la mgongo. Wazee walionipita njiani walinisalimia kwanza, jambo ambalo ni fedheha tupu, kwa kuwa sikuwasikia wakija nyuma yangu nikawahi kusema shikamoo. Wakampelekea shangazi mashtaka: huyu mtoto wako siku hizi ana nini, amekuwa mkubwa? Shangazi akinitazama usoni husema polepole, midomo nikiiona vizuri, "Sikio halipiti kichwa." Nilizichukia methali za masikio mwaka ule. Zilikuwa nyingi ajabu, na kila mtu alikuwa nayo moja ya kunirushia. Sikio la kufa halisikii dawa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hakuna hata mmoja aliyekaa akafikiri kwamba huenda sikio lenyewe, hili la nyama, limeziba tu.

Shuleni mambo yalikuwa mabaya zaidi. Nilikuwa nikishika nafasi ya pili au ya tatu katika darasa la watoto hamsini na kitu, na sikuwa na haya kujisifu kwa hilo. Mwalimu wetu wa darasa, bwana mmoja mwenye haraka, alipenda imla na hesabu za kichwa. Alisoma huku akitembea na kutugeuzia mgongo, na mimi niliyekwisha kuanza kusoma midomo ya watu nikawa sina cha kusoma. Nilichungulia daftari la jirani, nikaitwa mwizi. Nikaacha kuchungulia, nikapata sifuri. Mtihani wa muhula wa pili nilikuwa wa tatu kutoka mwisho. Ndipo mwalimu akamwita baba, akamwambia mbele yangu, na wakati huu akiwa amenielekea nikaiona midomo yake sawasawa, kwamba mtoto huyu ni kiziwi, hapa anapoteza wakati wake na wa wenzake. Usiku ule waliketi yeye na dada yake, na asubuhi nikapewa hukumu: nimalize muhula wa tatu, na kama matokeo yatakuwa yale yale, basi shule tena, nikae nyumbani nisuke ukili na shangazi. "Ukili hauhitaji masikio," baba aliniambia kwa sauti kubwa akinishika bega. Alidhani ananifariji. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na nilijua kabisa kwamba hapo ninafungiwa mlango wa maisha yangu mwenyewe.

Usidhani hawakunitibu. Walinitibu mno. Shangazi alichemsha mafuta ya nazi na kitunguu saumu akayamimina sikioni yangali moto, nikapiga yowe lililofika kisimani. Alikamua majani ya mrehani. Alitumia unyoya wa kuku, akatumia njiti ya kiberiti iliyofungwa pamba, na pamba ikabaki humo humo. Nililetewa kombe, maji yaliyooshewa aya, nikayanywa kwa imani yangu yote, na hilo peke yake ndilo lisiloniumiza. Baada ya kila dawa pini ilirudi, maana shangazi hakuamini kitu kimetibiwa mpaka ameona kinatoka. Lakini kitambaa chake cheupe sasa kilitoka na vipande vidogo tu, na siku moja kikatoka na damu. Alikificha haraka. Nilikiona, na nilimwona naye akiona kwamba nimekiona.

Kisha palitokea msiba Vanga, na shangazi akaenda matangani akakaa siku tisa. Ijumaa ile nilikuwa kwa jirani, mama mwenye watoto saba ambaye hakuwa na nafasi ya kushughulikia masikio ya mtu. Kuelekea mwisho wa wiki, nikiwa natafuna mhogo mbichi, sikio la kushoto lilifunguka kidogo. Kidogo tu, kama dirisha lililosukumwa na upepo. Nikasikia mkono wa pampu ya kisima ukilia, sauti ambayo nilikuwa nimeisahau kabisa. Nilikwenda pale kisimani nikasimama kama mwehu, nikiwaangalia wanawake wakipampu maji, nikihesabu milio. Kwa siku mbili nilisikia nusu dunia. Shangazi akarudi, Ijumaa ikafika, paja likapigwa. Nilikwenda kwa mazoea, nikalala, pini ikaingia. Nilipoinuka nilikimbilia kisimani moja kwa moja. Wanawake walikuwa wakipampu, mkono ukipanda na kushuka, na mimi sikusikia chochote. Nilikaa chini mchangani nikalia kwa hasira, si kwa huzuni. Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi nilikuwa nimetazama. Si upepo wa baharini, si kiburi, si shetani. Ni pini.

Ijumaa iliyofuata palikuwa na akina mama wanne barazani na watoto wao, maana Maulidi yalikuwa yakikaribia. Shangazi alipiga paja lake. Mimi nilibaki nimesimama mlangoni. Akapiga tena. Nikatikisa kichwa nikasema, na kwa kuwa sikuweza kuipima sauti yangu nilisema kwa sauti ya kupasua, "Sitaki." Baraza zima liligeuka. Nataka uelewe uzito wa neno lile. Mtoto wa kike, mbele ya wageni, anamwambia aliyemlea kuwa hautaki mkono wake. Ni sawa na kumwambia ni mchafu. Shangazi aliinuka, na mwili wake haukuwa mdogo, akanishika mkono akanivuta mkekani, nami nikajishika kwenye mwimo wa mlango. Alinizaba kofi. Nikarudia: "Sitaki, shangazi. Ukinichokoa ndiyo nazidi kutosikia." Uso wake uliniuma kuliko kofi. Hakuwa na hasira tena, alikuwa ameaibika. Nilitaka kumwangukia miguuni. Sikumwangukia. Kama ningepiga magoti siku ile, ningekuwa nimepigia magoti ule ukili, na nilikuwa nimeapa siusuki.

Majuma matatu nilikaa hivyo. Nililala nimejifunga mtandio mara tatu, ncha nimezikaza chini ya kidevu, kwa kuogopa nisije nikachokolewa usingizini. Shangazi alinipakulia chakula bila kunitazama. Watoto wenzangu waliambiwa wasicheze na mimi, kwani nimeota pembe. Baba, safari ile aliyecheleweshwa na kazi, alipokuja alikuta mashtaka yakimngojea mlangoni kabla hajashusha mkoba. Alinichukua nyuma ya nyumba akaniinamia, akasema kila neno peke yake ili nimwone: "Umemkataa shangazi yako?" Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia, "Baba, nipeleke hospitali. Daktari akisema mimi ni kiziwi, nitasuka ukili mpaka nife na hutanisikia nikilalamika. Lakini aseme daktari. Asiseme mwalimu." Baba alinitazama. Nadhani hakuwa amewahi kuniona mpaka siku ile. Alikuwa akiona tu mtoto anayekuja kumpokea mkoba. Jumatatu hakurudi kazini. Tulikwenda Msambweni watatu, kwa sababu shangazi naye alivaa buibui lake jeusi jipya akapanda pamoja nasi, ili awepo nitakapoumbuliwa.

Daktari alikuwa mama mmoja wa makamo mwenye miwani, na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya watu wa Kinango. Alinikalisha kwenye kigoda, akavuta sikio langu juu na nyuma taratibu, akamulika kwa kitochi chenye mdomo mwembamba. Akamulika la pili. Kisha akageuka akanitazama uso kwa uso kabla hajazungumza, na kwa jambo hilo dogo tu nilimpenda. Alisema sina uziwi wowote anaouona. Nina nta iliyoshindiliwa mpaka imekuwa ukuta, na nyuma yake ndiko masikio yangu yalikokaa yakingoja. Akauliza ni nani anayechokoa. Mimi nilitazama sakafu. Baba alitazama dirisha. "Mimi," alisema shangazi, kidevu juu. "Nimewasafisha nusu ya watoto wa Majoreni, na wote wapo hai." Yule mama hakumgombeza. Alimwita "dada" kwa heshima, akamweleza kwamba sikio hujisafisha lenyewe. Kwamba nta si uchafu bali ni mlinzi, inanasa vumbi na wadudu, na kila tunapotafuna na kuzungumza hutoka yenyewe kidogo kidogo mpaka mlangoni, na hapo hufutwa kwa kitambaa, basi. Ukiingiza pini unatoa kipande kimoja na kusukuma kumi ndani, kama mtu anayeshindilia mahindi kwenye gunia. Maji ya bahari yakiikuta nta iliyoshindiliwa, huifurisha. Aliona mkwaruzo wa zamani pia, umeshapona. Akaniuliza ni muda gani sijachokolewa. Nikasema majuma matatu, nilikataa. Akasema, na baba baadaye alinirudilia maneno hayo zaidi ya mara moja kwa kuwa sikuyasikia yote, "Huo ukaidi wako ndio uliokuponya kidonda."

Hakuitoa nta siku ile. Alisema imekauka, akiivuta ataniumiza; kawia ufike. Aliuliza kama nimewahi kutokwa na usaha au kuumwa sana, kwa maana ngoma ya sikio ikiwa imetoboka haitiwi kitu. Nikasema sijawahi. Basi akatuagiza mafuta ya zeituni, matone mawili matatu kila sikio jioni, si ya moto, yawe kama joto la mwili tu. Nilale kwa ubavu dakika kadhaa, nigeuke, nifute yanayochuruzika. Siku tano, kisha turudi. Na sikio likiuma au kutoa maji, tuache, tuje upesi. Tulirudi nyumbani na kichupa. Na hapo ndipo mtihani wangu wa kweli ulipoanza, kwani siku ya pili nilisikia kidogo kuliko zamani, na siku ya tatu sikusikia kabisa. Nta ilikuwa imelainika ikafura, daktari alikuwa amesema hivyo huweza kutokea, lakini nani alikumbuka? Shangazi alisimama mbele yangu na pini mkononi. Nilisoma midomo yake yote: umeona? Umeona mafuta yako ya hospitali? Na la kutisha ni kwamba baba, aliyekuwa ameomba ruhusa ya juma zima kazini, alikuwa amesimama nyuma yake na hakumzuia. Nilikuwa peke yangu, kiziwi kamili, na muhula ulikuwa umebaki mwezi mmoja. Niliogopa, wallahi, niliogopa kwamba pengine wao ndio wa kweli. Nilichukua kichupa kile, nikalala kwa ubavu sakafuni mbele yao wote wawili, nikajitia matone mwenyewe.

Siku ya sita tulikuwa Msambweni tena. Yule mama alijaribu maji kwenye kiganja chake kwanza, akasema ya baridi humtia mtu kizunguzungu na ya moto huunguza, akayavuta kwa bomba la sindano kubwa lisilo na sindano, akanishikisha bakuli chini ya sikio. Maji yaliingia bila nguvu, yakatoka, yakaingia tena. Mara ya nne kitu kikateleza. Kikadondoka bakulini, cheusi, kikubwa kama kokwa ya ukwaju, na papo hapo dunia ikaniangukia. Nilidhani watu wanapigana. Kumbe ni viatu vya wagonjwa ukumbini, na panga la feni linalogonga, na mtoto anayelia mbali huko, na baba anayepumua. Kila kitu kilikuwa na kelele mno nikaanza kulia, nikasikia kilio changu na hicho nacho kikanishtua. Nikaziba masikio kwa mikono, mimi niliyeyagombania! Daktari alicheka, akaliosha na la pili nalo likafunguka, baba akajifuta macho kwa mkono wa shati. Shangazi aliinama juu ya bakuli akaitazama ile nta muda mrefu, kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwingine. Kisha akasema, na hayo ndiyo maneno yake ya kwanza niliyoyasikia kwa miezi mitatu, "Mimi ningeitoa." Mpaka leo sijui nilipopata ujasiri wa kucheka.

Mtihani wa muhula wa tatu nilikuwa wa sita. Si wa pili, maana miezi mitatu ya masomo ilikuwa imenipita, lakini nafasi ya sita ilitosha. Mwalimu hakuniomba radhi, aliandika tu kwenye ripoti kwamba nimeongeza bidii, na nilipoisoma nilitamani kuichana. Ukili haukutajwa tena. Lakini nyumbani amani haikurudi upesi, nami sikuisaidia irudi. Niliwaambia watoto wote wa chuoni, tulikosoma Kurani, kuhusu ukuta na gunia la mahindi, na Idi iliyofuata baraza la shangazi lilikuwa na watoto wawili tu. Alijua ni mimi. Kwa miezi alizungumza nami kupitia watu wengine, hata kama mtu huyo ni paka: "Mwambie huyo wali umeiva." Iliniuma sana. Yeye ndiye aliyekuwa akiamka usiku nikiwa na homa, yeye ndiye aliyeuza mikeka ninunuliwe sare. Sikumpenda pungufu hata siku moja. Lakini watu hutaka mtoto achague: ampende aliyemlea au amkatalie anapokosea. Mimi nilifanya yote mawili, na sikuona haja ya kuomba msamaha kwa lolote kati ya hayo.

Sasa nina umri aliokuwa nao shangazi enzi zile, nilipomwona mzee. Ninaishi Ukunda, na kazi yangu ni ukalimani wa mahakama: nasikia maneno ya Kidigo na Kiduruma siku nzima, nayarudisha kwa Kiswahili, na neno moja likinipita mtu anaweza kufungwa. Watu huniambia mambo yamebadilika. Yamebadilika wapi? Pini imekwenda, zimekuja pakiti za vijiti vya pamba, mia kwa pakiti, zimepangwa dukani karibu na sabuni za watoto, na wasomi wanavisukuma ndani kila asubuhi wakitoka kuoga. Juzi kijana mmoja ofisini alinionyesha kijiti chenye kamera, anajichokoa huku akijitazama kwenye simu, amefurahi kweli kweli. Diani kuna saluni iliyotaka kunichomekea mshumaa sikioni, ati moshi unavuta taka; nikamuuliza dada wa watu, nta inavutwa na moshi tangu lini? Zamani tulikosea kwa kutojua. Leo kila mtu ana simu mkononi inayoweza kumwambia, daktari yuko karibu kuliko alivyokuwa Majoreni, na bado mtu akisikia upande mmoja umeziba hutafuta kitu chenye ncha. Hilo silisamehe kirahisi kama ninavyowasamehe wazee wangu.

Mwezi uliopita mwanangu wa kwanza, msichana, alitimiza siku arobaini. Nyumba ilijaa wanawake, ubani ukafuka, mtoto akapitishwa mikononi. Wifi yangu akamgeuza shingo, akaona, akaguna. Masikio ya mtoto yana nta, kwa nini hayasafishwi? Mmoja akafungua mkoba akatoa kijiti cha pamba, mwingine akasema lete mafuta ya moto. Shangazi alikuwa amekaa pembeni, mzee sasa, amekuja toka Majoreni kwa heshima ya mjukuu. Wote wakamgeukia yeye, kwani jina lake bado linajulikana: Bi Mejumaa, wewe ndiye mwenyewe, hebu mwangalie huyu. Shangazi aliikunja mikono yake ndani ya buibui. "Msiniulize mimi," alisema. "Mwenye mtoto ni yule pale. Mimi alishanishinda tangu yuko darasa la tano." Wakacheka wote, ila yeye hakucheka, wala mimi. Nilimchukua mwanangu mikononi mwa wifi, nikamfuta sikio kwa nje na ncha ya leso, nikawaambia kijiti kirudi mkobani.

"Atatuaibisha mbele za watu na nta yake hiyo," wifi alisema.

"Na watu waione," nikamjibu. "Ni yake, na iko pale Mungu alipoiweka."